Ruta ya Yasinta Haina Adabu

Jumatatu, 1 Septemba 2014
Udaga nimeanika, muhogo wa ugali. Kuku wamekula. Yasinta yuko mezani tangu asubuhi na ruta aliyoazimwa na bosi wake wa Kasulu mjini, anakojifunza kazi, afanyie mazoezi. Kisanduku tu, kazi yake kugawa intaneti maofisini. Waya unatoka humo unaingia kwenye kompyuta, mwanangu anaandika amri, chombo kinatii. Heru Juu nzima nani mwingine? Nimemwambia Mama Zuhura wa dukani. Nimemwambia na dereva wa bodaboda, ambaye hakuniuliza.

Ijumaa ya wiki ijayo anapimwa. Akifaulu, ajira. Akishindwa, jembe. Sina ubaya na jembe. Ila Yasinta, hapana.

Jumanne, 2 Septemba
Chombo hakina adabu. Yasinta anaandika amri, hajafika nusu, chenyewe kinatupa maneno yake katikati: mlango huu umefunguka, mlango ule umefungwa. Maandishi yanachanganyikana, hajui alipofika. Anakosea, anaanza upya. Kapiga meza.

Nikamwambia, hii haikulelewa na Muha. Kwetu watu wakisalimiana, mwakeye, wakapiga makofi, wakaulizana ya nyumbani mpaka ya mbuzi, anayekuja na neno lake anasimama pembeni. Wamalize kwanza.

Akacheka. Nikaona nafasi, nikamletea habari za mimba ya shangazi yake. Akasema, "Mama, na wewe ni hivyo hivyo. Nikishika kazi tu, unaanza."

Imeniuma.

Alhamisi, 4 Septemba
Kakinyamazisha. Amri moja, ujumbe wote ukafungwa. Kioo kimya. Kafurahi, akanigeukia na mimi.

"Mama, nikiwa mezani usiniite kwa lolote."
"Hata nyumba ikiungua?"
"Hata ikiungua."

Haya. Mwenye elimu kasema.

Ijumaa, 5 Septemba
Mashaka, mwenzake wa ofisini, kapita na pikipiki, ana haraka ya Kabanga. Yasinta simu kaizima, hapatikani. Ujumbe: kipimo kimesogezwa, ni Jumatatu hii. Nikaenda mpaka mlangoni. Yuko mezani, kainama, ananung'unika. Nikasimama. Nikarudi jikoni kusonga ugali.

Si amesema kwa lolote?

Jumamosi, 6 Septemba
Sijamwambia. Kutwa yuko mezani, hata chakula kala hapo hapo. Kila amri anayoandika anasema haifanyi kazi. Kakonda uso. Mimi ujumbe wa Mashaka bado ninao. Hasira zangu nazo, ni za mtoto mdogo.

Jumapili, 7 Septemba
Tukitoka kanisani nimemwambia. Njiani, kwenye vumbi. Hakupiga kelele. Bora angepiga.

"Tangu Ijumaa, mama?"
"Ulisema nisikuite."

Katembea mbele yangu mpaka nyumbani. Kaketi mezani. Kidogo nikaingia. Kashika waya mkononi, si ule wa kompyuta, mwingine wa intaneti. Ulikuwa umechomoka nyuma ya ruta, pengine tangu juzi. Chombo kingemwambia siku ile ile. Alikiziba mdomo. Amri zake zilikuwa sawa, alikuwa anazungumza na mlango uliofungwa.

Akautazama waya. Akanitazama mimi. Akaanza kucheka na machozi yanamtoka. Nami hivyo hivyo.

Mchana kakifungulia mdomo, kwa mpango. Maneno madogo yanakwenda kukaa ghalani mwake, atayasoma akitaka. Mazito yanakuja kwenye kioo, lakini yakishapita, chombo kinamwandikia tena mstari wake pale alipoachia, anaendelea. Kanionyesha. Kaandika nusu amri, akachomoa waya ule wa intaneti makusudi. Ujumbe ukaja, ukapita, nusu yake ikarudi, herufi kwa herufi.

Nikasema, sasa kimelelewa.

Jumatatu, 8 Septemba
Nimekwenda sokoni na maharage. Sikumwambia mtu kuhusu kipimo. Mama Zuhura kaniuliza kama naumwa.

Karudi jioni. Bosi alimkalisha aandike, huku mtu chumba cha pili anachomoa nyaya. Wenzake wawili walikuwa wamezima ujumbe wote, kama yeye wiki iliyopita. Hawakujua kitu. Yasinta aliona ujumbe, akainuka, akaurudisha waya, akamaliza amri yake.

Kaajiriwa! Kituo ni Kibondo. Mama Zuhura nimemwamsha, alikuwa keshafunga duka.

Jumapili, 21 Septemba
Mvua ya kwanza. Udaga nimeuingiza ndani mapema. Meza ile nimeweka kikapu cha mbegu, naona haipendezi, nimekiondoa.

Nyumba kimya. Sikipendi kimya hiki.

Mchana Yasinta kapiga simu kutoka Kibondo. Nikawa namweleza ya mvua, sauti ya mtu ikamwita huko. "Ngoja, mama." Nikangoja. Nikasikia anamjibu huyo mtu, mambo ya laini imekatika sijui wapi. Nikajua hapo basi, atakata.

Akarudi. Akasema, "Ulikuwa unasema mvua imekukuta maharage bado hujayapanda."

Ndipo nilipokuwa. Pale pale. Nikaendelea.