Magamba Yanayong'aa

Mwende mjukuu wangu,

Huku Kitui tuko wazima. Mamako amevuna pojo, na binamu yako amefungua duka la matunda kule mjini Salama. Sasa nikujibu, maana umenichosha na simu. Unalia kwamba mwalimu wako wa jiolojia amekataa kupima umri wa magamba yako ya konokono, "lakini Susu, yanang'aa kama mapya!" Ati kung'aa!

Babu yako alinisumbua hivyo hivyo tukiwa wanafunzi wa jiolojia. Tulichimba magamba ya konokono wa majini kando ya mto Tiva, na maabara ikapima umri, ikasema ni machanga kuliko makaa ya moto wa kale yaliyolala juu yake. Yeye akashangilia, akaandika kwamba juzijuzi hapo palikuwa na ziwa.

"Cha chini kitakuwaje kichanga kuliko cha juu?" nikamwuliza.

"Makaa ndiyo yamekosea. Tazama gamba, halina hata ufa!"

Tulibishana hadi nikashindwa kuvumilia. Nikakata gamba moja, nikaliweka kwenye hadubini. Umbo lilikuwa la konokono, lakini maji ya ardhini yalikuwa yameyeyusha madini yake ya asili na kuacha chokaa mpya inayong'aa mahali pake. Umri tuliopewa ulikuwa wa chokaa hiyo, si wa konokono, na lile ziwa la juzijuzi halikuwapo: alisoma alama za maji ya ardhini akadhani ni za ziwa.

Alichungulia kwa muda mrefu, kisha akachana kurasa zake zote.

"Twende tukachimbe upya," akasema.

Siku hiyo ndipo nilipoanza kumpenda. Anakusalimu, na anasema uache kelele, ukate gamba kwanza.

Susu yako