Mapine ya kambambili

Olive weye, nimefanya nini!

Ile kamioni ya kuchezea, ya telekomande, ya mudogo wangu, marehemu Josias, leo imetembea. Nilitia moteri ya nguvu, batiri mupya, na mapine ya kweli.

Nikaita mama. Kamioni ikaenda mpaka ku miguu yake. Akainama, akaigeuza.

"Mapine yake iko wapi?"

"Ile ya kambambili? Mama, ilikuwa imeisha."

"Josias alikata kambambili zake mwenyewe, akatembea miguu chini, bila kiatu. Iko wapi?"

Iko wapi, Olive! Asubui makala ilikataa kuwaka. Nikaona ile kauchu ya mapine ya zamani haina tena kazi, nikawashia nayo mbabula ya kupikia chai.

Niliangalia tu moto.

Mama naye akauangalia. Kisha akaweka chini kikombe chake cha chai.