Nyasi Tatu Mbele ya Jina la Rama

Sydenham, Durban

Baba yangu,

Shikamoo. Itikia kwa sauti, tafadhali, ili mama huko uani asikie na aache anachofanya, maana barua hii ni yenu wote wawili ingawa nimeiandika kwa jina lako. Mgongo wake unaendeleaje? Na wewe, yale macho umekwenda kuyapimisha, au bado kila siku ni kesho? Kama bado, mpe Tausi akusomee, ila mwambie asome polepole na asiruke sehemu za mpira.

Sisi hatujambo. Bega la Rama lilimsumbua kwa sababu ya kupakua makontena, sasa limetulia. Mimi miguu inavimba jioni kwa kusimama kutwa nikisuka, halafu kuna hiki kilima cha kwetu cha kupanda kila siku, lakini kula tunakula na kulala tunalala. Barua anaileta yule mama wa Mwanga, hapo Kigoma, anayekuja huku kununua mablanketi. Ningepiga simu, lakini simu zetu unazijua, wewe unapiga kelele, mimi napiga kelele, na salio linakwisha kabla hatujafika mapumziko. Habari hii ni ya dakika tisini, Baba. Haifai kukatwa.

Ni habari ya mwanao na timu yake. Najua hutaki kuisikia. Siku Rama alipokwambia amepewa timu ya chuo, ulimjibu kwamba ukocha ni kazi ya kungoja kufukuzwa, ukampa mama simu, na tangu siku hiyo ninyi wawili mnasalimiana kupitia kwa mama. Sikulaumu. Nilikuwepo uwanjani siku ulipovuliwa timu ya chuo cha ualimu. Nilikuwa nimekushikia koti. Ila naomba leo unisikilize mpaka kipyenga cha mwisho.

Huku vyuo vina ligi yao, na kila Jumamosi watu wetu wanajaa viwanjani kuliko wanavyojaa kwenye televisheni za mpira wa Ulaya, kwa kuwa wanaocheza ni watoto wa majirani. Na mahali ligi hiyo inapojadiliwa ni saluni yetu. Mwenye saluni ni Maman Béa, mama mmoja wa Bukavu, mnene, mcheshi, asiyependa mtu mwongo. Upande mmoja tunasuka wanawake, upande wa pili Désiré, kijana wa Burundi, ananyoa wanaume. Katikati kuna kioo kikubwa. Kila Ijumaa mchana Maman Béa ananipa kipande cha sabuni, nami naandika juu ya kioo utabiri wa matokeo ya mechi zote za kesho yake, na pembeni majina ya makocha.

Hayo majina ya makocha nimeyaanzisha mimi. Siku moja nilisema kocha fulani kibarua chake kimeota nyasi, wakanitolea macho, kwao hawasemi hivyo. Nilipowaeleza, Maman Béa alicheka mpaka akakaa chini, akachukua sabuni na kumchorea yule kocha majani. Sasa ndiyo desturi yetu. Jani moja, ajihadhari. Mawili, aanze kuaga. Matatu, Jumatatu hana timu. Na sheria ni hii: ukiandika, useme sababu mbele ya watu, na hakuna kufuta mpaka Jumatatu. Ukikosea habari ya kocha unafagia nywele za saluni nzima wiki nzima.

Misimu miwili, Baba, sijashika fagio. Wananiita Profesa. Wanaume wazima wenye sauti nzito wanakuja kuniuliza, nami najibu huku nasuka, wala sigeuki. Najivuna, ndiyo, acha nijivune. Wanadhani nina dawa. Sina dawa, nina yale uliyonifundisha nikiwa nimekaa kwenye benchi lako na chupa za maji, kwamba nisitazame mpira, nimtazame beki wa kushoto anavyorudi baada ya kona. Akirudi mbio, timu inampenda kocha. Akirudi anatembea, kocha aanze kukusanya vitu vyake.

Sasa Rama. Mchana yuko Clairwood kwenye maghala, jioni anafundisha vijana wa chuo cha ufundi. Timu ina Wakongo na Warundi kama nusu, nusu nyingine ni Wazulu. Walianza vizuri, kisha wakaanza kufungwa, wakafungwa tena na tena, mpaka Rama akaanza kula akiwa amesimama. Mkuu wa michezo pale chuoni ni mzee mmoja Mhindi wa mtaa wa Chatsworth, kila mtu anamwita Uncle, mtu wa maneno machache. Alimwita Rama akamwambia Jumamosi wanacheza na vinara wa ligi, na wakifungwa amrudishie ufunguo wa stoo ya mipira. Rama aliniambia hivyo huku anafunga kamba za viatu, bila kuniangalia.

Ijumaa ikafika. Saluni imejaa, kila mtu anajua, na sabuni iko mkononi mwangu. Mechi nyingine niliziandika haraka. Ya Rama nikaiacha wazi, nikajifanya natafuta kitana.

Désiré akasema, "Dada, leo sabuni imekuwa nzito?"

"Muache," Maman Béa akasema. "Zaituni, sikia. Minajua ule ni mdogo wako. Lakini hapa loi ni loi, sheria ni sheria. Ukiandika na roho, watu hawatakuamini tena. Andika ile unaona."

Nilitamani kuandika ushindi. Nani angenilaumu? Lakini nilikuwa nimewatazama Jumamosi zote zile, na nilichokiona nilikiona. Nikaandika tutafungwa tatu bila. Mbele ya jina la Rama nikachora jani la kwanza, la pili, na la tatu. Hakuna aliyecheka.

"Sababu?" Maman Béa akauliza, taratibu.

Nikasema. Rama mazoezini anawafundisha vizuri, Kiingereza kidogo, Kizulu kidogo, na Kizulu chake ni kizuri kwa sababu anakizungumza kutwa huko Clairwood. Lakini mechi ikianza na moyo ukimpanda, anarudi Ujiji. Anapiga kelele kwa Kiswahili tu. Wakongo na Warundi wanasikia, wanakimbia. Wazulu wanasimama, wanatazamana. Hapo katikati panabaki shimo, na mabao yote tunayofungwa yanapitia pale. "Hana timu," nikasema. "Ana timu mbili ndani ya jezi moja, na moja haijui mwenzake ameambiwa nini."

Nilipogeuka Rama alikuwa mlangoni.

Unajua kwamba hajawahi kwenda kwenye mechi na ndevu. Hilo amelichukua kwako. Akaingia, akasalimia, akakaa kwenye kiti cha Désiré, na kiti kile, Baba, kinatazamana na kioo. Akanyolewa huku majani yale yako usawa wa paji la uso wake. Mashine inalia, nami nikaendelea kusuka. Yule niliyekuwa namsuka akaniambia namvuta nywele.

Désiré alipomaliza, Rama akaniuliza kupitia kioo, "Matatu?"

"Matatu."

"Na hayo ya Kiswahili, umeyaona tangu lini?"

"Tangu ile mechi ya mvua. Nilidhani utajiona mwenyewe."

Akasimama, akajipangusa shingo. "Mtu hajioni akipiga kelele, dada," akasema. Kisha akatoka. Maman Béa akanishika bega, akasema, "Umefanya vizuri. Sasa kunywa maji." Sikunywa. Nilikwenda nyuma ya pazia nikalia, kisha nikarudi kumalizia kichwa cha mtu.

Jumamosi tulikwenda, mimi na Maman Béa na Désiré na vuvuzela yake. Vinara wakashuka kwenye basi lao jipya. Vijana wetu walikuja kwa taksi, wamebanana na mabegi. Nikamtafuta Rama. Alikuwa amesimama mstarini, amefumba mdomo, mikono chini.

Mpira ukaanza, na Rama hakutoa sauti. Dakika zinapita, hakuna hata neno. Mara nikaona anainua mikono miwili juu na kuvuta hewa kuelekea kwake, na mabeki wote wakarudi pamoja. Akakunja ngumi, wakasimama. Akasogeza viganja vikakaribiana, na wale wa kati, Mkongo mmoja na Mzulu mmoja, wakasogeleana wakaziba shimo. Désiré akaanza kucheka. "Eish, huyu anapaki lori."

Na kweli alikuwa anapaki lori. Kule Clairwood lori refu likirudi nyuma, mtu husimama mahali dereva anapomwona kwenye kioo, akamwongoza kwa mikono, maana kelele za injini hazimwachi mtu kusikia. Kazi hiyo ndiyo ya Rama kila siku. Kumbe alipotoka saluni ile Ijumaa alikwenda moja kwa moja uwanjani, akawaita vijana, akawafundisha ishara zile mpaka giza likaingia. Na yule Mzulu wa kati, Sbu, baba yake ni dereva, alizijua hata kabla hajaambiwa, akawa ndiye anayewaelekeza wenzake.

Benchi la wapinzani lilikuwa linamwiga Rama na kucheka. Walicheka kipindi cha kwanza chote, mpaka tulipowafunga. Sbu ndiye aliyefunga, kwa pasi ya Mkongo. Maman Béa alinikumbatia karibu anivunje.

Sitakudanganya, Baba. Kipindi cha pili walirudisha, na mwisho mwisho wakatufunga la pili kwa kona. Wana timu nzuri, wanastahili. Tulifungwa mbili kwa moja. Lakini baada ya ile kona, mpira uko wavuni na mechi ni kama imekwisha, nilimtazama beki wetu wa kushoto kama ulivyonifundisha. Alikuwa anarudi mbio. Alichukua mpira wavuni akakimbia nao katikati.

Kipyenga kilipolia Rama aliwapa wachezaji mkono mmoja mmoja, kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akaanza kutembea kwenda alipokaa Uncle na chupa yake ya chai. Mimi nikamfuata. Nilikushikia koti wewe, nikasema na huyu sitamwacha aende peke yake. Rama akanyoosha mkono wenye ufunguo. Uncle akautazama, hakuupokea. Akamimina chai, akapuliza, akasema kwa Kiingereza chake cha Chatsworth, "Jumatatu nani atawafungulia vijana stoo? Mimi? Na magoti haya?"

Rama akabaki amesimama, mkono bado uko hewani.

"Nimeangalia mechi zako zote," Uncle akasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza naona watu kumi na mmoja." Kisha akauliza nani alimfundisha.

Rama akasema, "Mikono nimefundishwa Clairwood. Mpira nimefundishwa na baba yangu. Ni kocha, Kigoma."

Nimekuandikia maneno yake kama alivyoyasema, mbele ya watu, na kichwa juu. Mimi nilikuwa nyuma yake na machozi yalinitoka bila haya yoyote. Nimeishi huku miaka, Baba, nimejivunia mambo madogo madogo, lakini siku ile nilijivunia nyumba yetu nzima.

Jumatatu nilipofika saluni, fagio lilikuwa limeegemezwa kwenye kiti changu. Maman Béa akasema, "Profesa, kazi yako ile pale." Matokeo nilikuwa nimekaribia, kwenye kocha nilikuwa nimekosea, na sheria yetu haina huruma. Nikafagia wiki nzima, nywele za watu wote, na kila aliyeingia akaniuliza imekuwaje nami nikamhadithia mwanzo hadi mwisho. Sijawahi kufagia kwa raha namna ile. Rama alikuja kunisaidia kufuta kioo. Alifuta majani mawili, la tatu akaliacha. "Hili libaki," akasema, "nisije nikalala."

Tangu siku hiyo wameshinda, wametoka sare, wamefungwa pia, lakini wanacheza wote. Siku hizi hata hao vinara kocha wao ameanza kutumia mikono. Hatuwadai kitu.

Msalimieni sana shangazi wa mawese, mwambieni chupa aliyonifungia niliitumia kwa uchoyo. Salamu kwa babu mdogo, yule mwadhini wetu, na kwa fundi cherehani wa jirani aliyenishonea gauni la safari, bado linavalika. Tausi, asante kwa kusoma, na kitabu chako cha hesabu kimo kwenye mzigo wa huyu mama. Mama, kipande kimoja cha tangawizi kavu nilichokuahidi kimekuwa mfuko mzima, chemsha kwa ajili ya mgongo.

Na wewe, Baba, sikuombi umwambie Rama pole wala hongera. Ijumaa mchana anakuwa saluni ananyolewa, simu yake iko wazi. Mpigie. Muulize tu beki wake wa kushoto anarudije baada ya kona. Mengine atajua mwenyewe.

Aliyekushikia koti,
binti yako Zaituni