Shukrani kwa Jicho la Kushoto

Nshamba, karibu na Rubya,
Mkoa wa Ziwa Magharibi.
21 Novemba 1971

Mpendwa Shangazi Kokushubila,

Pokea salamu zangu, na uzipokee umekaa, maana barua hii ina uzito. U hali gani wewe, na bwana wa nyumba, na Penina? Huko Urambo mvua zimeanza? Tumbaku ya kijiji imeshika? Sisi tu wazima. Mguu wa Mama umepona, sasa anatembea kasi kuliko mimi na anajisifu. Senene wameanza kuanguka. Nimekuwekea kopo zima la waliokaangwa, ingawa sikuahidi litafika likiwa limejaa.

Sasa jishike, Shangazi. Mwanao anapanda ndege. Si kuipungia mkono kutoka kibanjani, chini ya migomba, kama watu fulani ninaowajua. Kupanda, nikae kiti cha mbele, bega kwa bega na rubani.

Tarehe tisa mwezi ujao, kwa miaka kumi ya Uhuru, Bukoba kutakuwa na maonyesho ya ndege. Ndogo ishirini na mbili zinakuja, toka Mwanza, Arusha mpaka Nairobi, na zote zitashuka asubuhi moja kwenye kiwanja kile kimoja kando ya ziwa. Ili zisigongane, imetolewa amri kila ndege iwe na mtu wa pili ambaye kazi yake ni kutazama tu. Unamkumbuka Kapteni Karugendo wa Kaagya, anayerusha ndege nyekundu ya kupeleka dawa za misheni? Mimi ndiye ninayemjazia mafuta tangu mwaka juzi. Amenichagua mimi. Si kwa shule, maana darasa la tano liliniacha mlangoni. Ni kwa macho. Siku moja tumesimama uwanjani nikamwambia kuna ndege inakuja. Akatazama, akasema hakuna kitu. Nilihesabu mpaka arobaini ndipo naye akaiona.

Mazoezi tunayafanya chini. Usicheke. Kapteni amechora ziwa kwa majivu kwenye uwanja wa mpira. Jiwe ndilo kisiwa cha Musila, na gogo la mgomba ndilo kiwanja cha Bukoba. Tunatembea mikono tumeinyoosha, yeye mbele mimi nyuma. Juu ya Musila ndege zote zinapanga mstari, na hakuna rubani anayeruhusiwa kusema redioni. Anasema mtu mmoja tu, aliyeko chini: "Nyekundu, tikisa mabawa." Unatikisa, kama mtu anayeitikia kwa mabega, ndipo unapewa nafasi ya kushuka. Ukimkaribia mno aliye mbele, unageukia ziwani na kuanza upya. Tumezunguka jiwe lile mpaka nyasi zimekufa. Wanawake waliotoka kisimani wakasimama kututazama, Mama akawaambia, "Mwacheni, ndiyo kazi aliyoisomea."

Mama huyo huyo nusura aniharibie. Kapteni alipita kwetu, akapewa kahawa za kutafuna, akaanza kuyasifu macho yangu. Mama kwa furaha akasema, "Na la kushoto lilikuwa limekwisha kufa, jamani waitu."

Kapteni akaacha kutafuna. Mama akamweleza yote: tawi la mbuni lililonichoma nikiwa na miaka mitano, watu walionitilia maji ya majani, na jinsi ulivyoninyakua ukanibeba mgongoni mpaka hospitali ya Rubya.

"Mbona hukuniambia, Mujuni?"

Akasema kule juu jicho moja halitoshi. Niende Rubya nikapimwe, na wakisema halifai atamchukua mtu mwingine. Siku tatu sikula vizuri. Najua huamini.

Ijumaa nikaenda. Sista Immakulata, yule muuguzi mzee, akanifunika jicho la kulia akanisomesha herufi ukutani, toka kubwa kama majani ya mgomba hadi ndogo kama mayai ya chawa. Nilizisoma zote, hata na jina la mchapaji kule chini ambalo hakuniuliza. Akaandika cheti. Kapteni alikisoma, akakitia mfukoni, akasema, "Haya, kajaze mafuta." Basi ninakwenda.

Ila lililonifanya nishike kalamu ni jingine. Sista aliniuliza nani alinileta zamani zile. Nilipokutaja akacheka peke yake. "Yule aliyejifunga kitambaa?" Nikasema mimi sijui kitambaa chochote.

Ndipo akanieleza. Kwamba walinifunga macho yote mawili, nikaing'oa bendeji mara tatu nikilia kuwa wananizika. Kwamba ulivua kitambaa chako cha kichwa ukajifunga nacho, ukakaa hivyo kando yangu siku tisa. Tulilishwa kwa kijiko kimoja. Msalani tuliongozwa kama ndama, mimi nimeshika nguo yako, wewe umeshika ya Sista. Alikushauri ufungue nikishalala. Ukakataa, ukasema nitajua.

Shangazi, mimi nakumbuka giza, na mkono wako, na wewe ukisema, "Hata mimi sioni, Mujuni." Miaka kumi na mitano nimeamini ulinidanganya ili ninyamaze. Nimewahi hata kuwasimulia wenzangu, tukacheka. Nisamehe kwa hilo. Na ahsante.

Nilimwomba Kapteni kwamba siku ya maonyesho nishike usukani wakati wa kutikisa mabawa. Amesema nisiguse kitu. Sawa, lakini mabega ni yangu. Saa nne asubuhi tutakuwa juu ya Musila, kimya. Ndege ikitikisa mabawa, nami nitatikisa mabega kitini. Mtu wa chini ataitikiwa na Kapteni. Wewe, uliyekaa nami gizani, utaitikiwa na mimi.

Msalimie sana bwana wa nyumba, na Penina mwambie akiona ndege yoyote aseme ni kaka yake, nani atabisha. Mama naye anakusalimu, na kitambaa hicho anasema anakikumbuka, cha maua ya njano. Mungu akutunzie macho yako hata uzeeni.

Ni mimi mwanao akupendaye, mwenye macho yote mawili,

Mujuni