Mama Mkwe Juu ya Farasi

Debra uko? Wacha kila kitu usome hii.

Leo si nilikuwa nampeleka msichana wangu Wangeci aanze ile sarakasi ya juu ya farasi, hapo nyuma ya stage ya Satellite. Mama mkwe akasema lazima tuende na yeye.

Wangeci kuona farasi, akalia. Mwalimu Muthama akambembeleza, wapi!

Mama mkwe akavua viatu. "Mtu wa jina langu hawezi kuogopa mnyama wa kula nyasi. Mwalimu, nipandishe aone."

Nikamwambia, "Mama, tafadhali."

"Wewe shika mkoba."

Debra, ALIPANDA. Na lile rinda la kanisa! Muthama ameshika kamba, farasi anazunguka polepole, mama amepiga magoti mgongoni. Halafu akaachilia vishikio. Halafu akasimama. AKASIMAMA, Debra, mikono imenyooka kama anabariki watu!

Mimi nalia, "Yesu, nitaambia Kiarie nimeua mamake!" Wangeci anapiga makofi. Muthama anapiga kelele, "Mama, kaa chini, hiyo ni ya mwezi ujao!"

"Zungusha tena," akasema.

Zungusha tena!!

Alishuka mzima. Wangeci bado amekataa kupanda. Lakini mama amejiandikisha, anaanza Jumamosi.

Na Debra, si huyu ndiye alinifukuza kwake Limuru sababu nilienda nimevaa suruali? Saa hii ako chumbani kwangu, anajaribu zangu zote, ati anatafuta ya kubana.