Jina Moja Tu

2 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila goti, na goti nalo limeshakuwa mtu wa nyumba hii. Wewe je, unakula?

Mwanangu, kumekucha! Serikali mpya imeifuta ile sheria ya zamani. Unakumbuka sisi tusioona tulivyokuwa tunapigiwa kura na karani? Anakuuliza kwa sauti, kituo kizima kisikie, halafu anaweka alama anapopenda yeye. Sasa unaingia na mtu unayemwamini. Unaandikisha jina moja tu, na halibadilishwi mpaka uchaguzi upite.

Fundi viatu wa hapa mlangoni alijitolea. Nikamwambia, ahsante baba, lakini na mimi nimezaa. Nimeandikisha jina lako. Utakuja?

Mama yako

19 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi sijambo. Nisamehe makosa, nukta nundu hizi za kusomwa kwa vidole nimezitoboa kwa msumari, na vidole vimeanza kusahau ulivyonifundisha.

Nitakuja, Mama. Bosi amekubali. Wewe utanitajia unayemtaka, mimi kazi yangu kuweka alama na kufunga mdomo.

Mwanao

30 Mei

Mama,

Shikamoo. Mwenzangu wa zamu ameugua, bosi amenibana. Sitaweza kuja. Mwambie fundi viatu aingie na wewe, ni alama moja tu.

Mwanao

11 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Barua yako imefika jana, uchaguzi umeshapita.

Siku ile ya kura nilidhani umecheleweshwa na gari. Nikatangulia kituoni, nikasema utanikuta huko huko. Karani, binti mwenye adabu zake, akaliita jina lako mara tatu. Foleni nzima ikanyamaza kukusikilizia. Fundi viatu akasema, "Mimi nipo." Karani akamwambia hapana, jina siyo hilo. Wakanipa kiti, nikangoja mpaka walipofunga.

Imeniuma, sikufichi. Miaka yote nilizoea kuilaumu serikali. Safari hii sikupata wa kumlaumu, nikarudi nyumbani na fimbo yangu.

Sijakukasirikia, kazi ni kazi. Ila leo asubuhi nimekwenda ofisini kwao kubadilisha jina kwa ajili ya uchaguzi ujao. Nimemwandikisha fundi viatu.

Wewe ukipata nafasi, njoo tu unisalimie.

Mama yako