Bastola Iliyosuguliwa kwa Majivu

Shikamoo Mjomba Salim,

Niko Kalama, nje ya mji wa Machakos, nimeshiba muthokoi na maharagwe hadi kuinuka siwezi. Mwenyeji wangu ni Mama Mueni, bibi kizee mchangamfu. Nimekuja kuitambua na kuipima thamani bastola ambayo baba yake alirudi nayo kutoka vita vya Burma, kabla haijapelekwa makumbusho.

Nimeikuta inang'aa kama sufuria mpya! Ameisugua kwa mchanga na majivu kwa heshima yangu. "Mgeni hawezi onyeshwa kitu chafu," akasema. Muhuri wa kiwanda na namba, vyote vimefutika. Wewe ungelia. Mimi nikanywa chai.

Kisha nikaona kishikio cha mbao bado ni cheusi kwa jasho la zamani.

"Hapo sikugusa," akasema. "Hapo ndio mkono ya baba ilikuwa inashika."

Nikakigeuzia juani. Ndani ya weusi ule, alama ya jeshi ipo, nzima.

Ahsante, Mjomba. Ulinifundisha kwamba uchafu wa kale hausuguliwi. Sababu yake nimeambiwa leo.

Naubusu mkono wako,
Fadhili